Mizani haisomeki kwenye laptopu: kisa cha kebo ya seriali kwenye ghala la korosho, Mtwara

Kabla ya kuanza

Kisa hiki kimetoka kwenye ghala moja mkoani Mtwara. Jina la ghala, wilaya, chama cha ushirika na waliouza vifaa nimevitoa vyote, na vitu vidogo vidogo vingine nimevigeuza ili mtu asitambulike. Vipimo na jinsi waya zilivyounganishwa nimeviacha kama vilivyokuwa, sababu hivo ndo vya kujifunzia.

Nakiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wa huku kusini ambao wanaitwa mizani haisomi, printa ya risiti haichapi, mashine ya maabara haitumi majibu, na kitu cha kwanza wanachofanya ni kununua adapta nyingine. Naamini kabisa kwamba ukiwa na multimita na plagi ya kujaribia uliyoitengeneza mwenyewe, unajua upande gani umekufa kabla hujatoa hata shilingi.

Mazingira

Ghala linapokea korosho ghafi kutoka AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za vijijini, zinahifadhiwa hapo kusubiri mnada kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani. Lori linapanda mizani likiwa na mzigo, linashusha, linapanda tena likiwa tupu, tofauti ndo uzito wa korosho. Mizani ipo nje, pembeni kuna kibanda, ndani ya kibanda kuna indiketa inayoonyesha kilo. Nyuma ya indiketa kuna tundu la pini tisa ambalo linatuma uzito kwa seriali, yani biti moja moja zikifuatana kwenye waya, kwenda kwenye kompyuta ya karani, programu inachukua namba inachapa tiketi.

Kwanini hiyo waya ni muhimu hivo? Sababu namba ikipita kwenye waya hakuna mkono wa mtu katikati. Karani akiandika kwa kalamu huku malori yamepanga foleni mpaka barabarani, 28,460 inageuka 24,860 bila mtu kukusudia, na hizo kilo 3,600 ni gunia zaidi ya 40 za mtu aliyepalilia mikorosho mwaka mzima. Mimi kwenye hili sina mzaha.

Kompyuta ya zamani ilikuwa ya mezani, ina poti halisi ya COM, yani tundu la seriali, nyuma. Ilikufa karibu na kuanza kwa msimu. Ikaletwa laptopu mpya, na laptopu za siku hizi hazina COM kwa hiyo ikanunuliwa adapta ya USB, na wakati huohuo ofisi ya karani ikahamishiwa upande wa pili wa ghala, kama mita 40 kutoka kibandani. Aliyeng'oa kompyuta ya zamani aliikata kebo yake akaitupa. Mchoro haukuwepo.

Hali ilivyokuwa nilipoitwa

Walishajaribu mengi. Adapta zilikuwa tatu mezani, Windows ilishapigwa upya, na kebo mpya ya kiwandani ilishaagizwa Dar ikaja na basi. Programu bado inasema mizani haijaunganishwa. Fundi mmoja alishapendekeza afungue indiketa aangalie bodi, msimamizi wa ghala akakataa, akamwambia, "Mwanangu, ile lakiri ya Wakala wa Vipimo ikikatika hapa hapimwi mtu mpaka waje wenyewe, na malori yale pale nje unayaona."

Alikuwa sahihi kabisa, na uamuzi wake ndo uliotuongoza kazi nzima: kila kipimo kifanyike kutokea nje, kwenye plagi, indiketa isiguswe ndani. Menyu ya mawasiliano kwenye ile indiketa inafunguka kwa vitufe vya mbele bila kugusa lakiri, ya kalibresheni, yani ya kurekebisha usahihi wa kipimo, ndo imefungwa. Kwa hiyo tulikuwa na nafasi ya kutosha.

Upande wa laptopu kwanza

Nilianza na plagi ya kujirudia. Unachukua plagi ya kike ya pini tisa, unaunganisha pini 2 na 3 kwa kipande cha waya, 7 na 8, halafu 4 na 6 na 1 pamoja. Ukiichomeka kwenye adapta, kila laptopu inachotuma kinarudi kwake yenyewe. Unafungua PuTTY, programu ya kutuma na kusoma herufi kwenye poti, unachagua poti, flow control (waya za kuombana ruhusa ya kutuma) unaweka none, unaandika herufi. Zikionekana kwenye skrini halafu zikapotea ukichomoa plagi, basi USB, draiva, adapta na namba ya poti vyote ni vizima. Hakikisha tu programu yako haijiandikii yenyewe kile unachobonyeza, ndo maana lazima ujaribu na plagi ikiwa imetoka.

Adapta ya kwanza haikufunguka poti kabisa, Windows ilitoa kosa la Code 10, ambalo kwenye adapta zenye chipu ya kuigiza PL2303, chipu moja maarufu ya adapta za USB, ni jambo la kawaida sana kwa sababu draiva mpya za mwenye chipu halisi zinazikataa. Ya pili ilirudisha herufi vizuri kwenye plagi. Ya tatu sikuihangaikia.

Ila hii ya pili Windows ilikuwa imeipa COM7 na programu ya mizani ni ya zamani, orodha yake inaishia COM4. Hapo tu pangetosha kumfanya mtu apige Windows upya mara kumi. Niliingia Device Manager, mipangilio ya juu ya poti, nikaipa COM3, nikabandika stika kwenye tundu la USB iliyoandikwa "adapta hapa tu", sababu adapta nyingi za bei ndogo ukizihamishia tundu jingine zinapewa namba mpya.

Upande wa indiketa kwa multimita

Hapa ndo kiini cha kisa. Weka multimita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye pini 5 ambayo ndo graundi, ncha nyekundu gusa pini 2 halafu pini 3, kebo ikiwa imechomolewa. Pini inayotuma, ikiwa imetulia, inakaa kwenye volti hasi: kwenye RS-232, ambayo ndo kiwango cha poti hizi za seriali, hali ya kutulia ni kati ya hasi 3 na hasi 15. Pini inayopokea inakaa karibu na sifuri.

Kwenye adapta pini 3 ilisoma kama hasi 6, pini 2 sifuri. Sawasawa, kompyuta inatuma kwa 3 na kupokea kwa 2. Nikaenda kibandani. Indiketa nayo: pini 3 hasi, inachezacheza kati ya 7 na 9 sababu inatuma uzito mfululizo, pini 2 karibu sifuri.

Yani zote mbili zinatuma kwa 3. Kebo ya Dar niliipima kwa mlio wa multimita ncha zote zikiwa nje, 1 kwa 1, 2 kwa 2, mpaka 9 kwa 9, kebo nzuri kabisa isiyo na kasoro, ila ni ya moja kwa moja. Kwa hiyo mtumaji alikuwa anaongea na mtumaji, na mpokeaji anamsikiliza mpokeaji. Hakuna kilichoungua sababu RS-232 inadai saketi inayotuma ivumilie kugongana na waya nyingine, lakini hakuna neno lililopita.

Kilichowapoteza wenzetu ni umbo la tundu. Indiketa ina tundu la kike, na mazoea ni kwamba la kike ni la upande wa modemu, kwa hiyo unapeleka kebo ya moja kwa moja. RS-232 ilitoka Marekani mwaka 1960 kwa ajili ya kuunganisha teminali na modemu, kila mmoja na kiti chake. Mizani haikuwemo kwenye hesabu, kwa hiyo mtengeneza mizani anaweka tundu analotaka na kuchagua upande anaotaka. Umbo la tundu sio ushahidi, volti ndo ushahidi.

Kutengeneza kebo

Tulikuwa na uchaguzi wa kupitisha kebo mpya yenye wavu wa kinga au kutumia kebo ya mtandao ya Cat5 iliyokuwa imeshapita juu ya dari haitumiki. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunyesha na korosho haitakiwi kukaa kwenye lori ikalowana. Msimamizi akaniuliza, "Fundi, ipi inafanya kazi leo?" Tukachukua ya dari.

Kwa umbali, watu watakwambia RS-232 mwisho mita 15. Hiyo ni kanuni ya kidole gumba ya zamani. Toleo lililofuata liliacha kutaja mita likataja kapasitansi (uwezo wa kushika chaji) ya mzigo wote, pikofaradi 2,500, na Cat5 ina kama pikofaradi 50 kwa mita, kwa hiyo mita 40 unabaki ndani hata kwa hesabu ya karatasi. Na kasi tuliyokuwa tunaitumia ni ndogo.

Waya ziliunganishwa hivi:

Indiketa 3 kwenda laptopu 2, ikiwa imesokotwa na waya wa graundi.
Indiketa 2 kwenda laptopu 3, nayo imesokotwa na waya wa graundi.
Indiketa 5 kwenda laptopu 5, hapo ndo zile graundi mbili zinakutana.

Usichukue jozi moja ukaweka kutuma na kupokea humohumo, zitaambukizana kelele. Na krosi, yani kule kuvusha 3 kwenda 2 na 2 kwenda 3, tuliifanya sehemu moja tu, ndani ya kofia ya plagi upande wa laptopu, kebo yenyewe ya dari ikabaki moja kwa moja. Sababu yake ni kwamba krosi ikifanywa mara mbili inajifuta, na fundi atakayekuja baadae akikuta kofia imeandikwa "krosi ipo humu" hatahitaji kuichokonoa dari.

Wakati wa kuunganisha nilitumia plagi nyingine ndogo ambayo napenda kila fundi awe nayo: taa mbili za LED, nyekundu na kijani, zimewekwa kichwa mguu, na rezista ya kiloomu 2.2, kati ya pini ya data na pini 5. Waya ikitulia inawaka rangi moja, data ikipita zinapepesa zote mbili. Karani aliona taa zinapepesa upande wake akasema, "Kaka, kumbe ilikuwa inaongea muda wote." Ilikuwa inaongea kweli. Plagi hiyo usiiache humo moja kwa moja maana inakula mkondo kidogo, ni ya kupimia tu.

Namba nusu nzima nusu mbovu

PuTTY ikaanza kuonyesha kitu, lakini kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde ilikuwa takataka tupu. Nilipoweka 2400 ikawa afadhali: baadhi ya tarakimu zinakuja vizuri, nyingine alama za ajabu. Niliangalia kwa makini zipi ni zipi. 0, 3, 5, 6 na 9 nzima. 1, 2, 4, 7 na 8 mbovu, kila mara zilezile.

Hiyo ni alama ya wazi sana na inastahili kukaririwa. Indiketa inatuma biti 7 na pariti (biti ya ziada ya kukagua makosa) ya shufwa, laptopu inasoma biti 8 bila pariti. Tarakimu ambazo kwenye msimbo wa ASCII zina moja-moja za idadi ya shufwa, biti ya pariti inakuwa sifuri na hazidhuriki, zile zenye idadi ya witiri pariti inakuwa moja na laptopu inaisoma kama sehemu ya herufi. Ukiona muundo huo, waya ni nzima, kasi ni sahihi, badilisha pariti tu. Tukaweka 2400, biti 7, shufwa, na uzito ukasomeka wote.

Programu bado inagoma

PuTTY inasoma, programu ya mizani inasema haijaunganishwa. Hapo wengi wanarudi kwenye kebo. Lakini PuTTY tuliiambia isijali waya za kuombana ruhusa, na programu ya zamani ilikuwa inazijali: inasubiri ione volti chanya kwenye pini 6 na 8 ndo iamini kuna kifaa upande wa pili. Kebo yetu ina waya tatu tu za maana, hizo pini zilikuwa hewani.

Suluhisho ni kuidanganya kompyuta kwa pini zake yenyewe, ndani ya kofia ya laptopu, kwa jampa, yani kipande kifupi cha waya: jampa 7 na 8, jampa 4 na 6 na 1. Kompyuta inajiomba ruhusa na inajijibu. Inakubalika pale ambapo kifaa kinatuma mistari mifupi na kompyuta haizidiwi, kama mizani. Kwa printa ambayo inajaa na inahitaji kusema subiri, jampa hizo zitakupotezea data, huko peleka waya halisi za 7 na 8 zikiwa zimevuka. Tiketi ya kwanza ikatoka.

Jenereta ilipowashwa

Baada ya siku chache simu ikapigwa: mizani inasoma vizuri asubuhi, umeme ukikatika wakiwasha jenereta uzito unakuja na herufi katikati, programu inaukataa. Bahati nzuri inaukataa, ingekuwa inabahatisha tungekuwa na balaa.

Nilipofika niliomba jenereta iwashwe, nikachomoa plagi upande wa ofisi, nikapima volti za AC kati ya pini 5 ya kebo inayotoka kibandani na kasha la chuma la printa iliyounganishwa na laptopu. Volti 14. Kibanda kina ethi yake (waya wa kwenda ardhini), ofisi ilikuwa inalishwa na jenereta, na graundi zao hazikuwa sehemu moja. RS-232 inahesabu kila kitu kutoka kwenye graundi, kwa hiyo graundi ikiyumba na data inayumba nayo. Kuthibitisha tulichomoa chaja ya laptopu na waya wa printa, laptopu ikabaki kwa betri yake, tukarudisha kebo: herufi safi, hata jenereta ikinguruma. Tukarudisha chaja na printa, uchafu ukarudi.

Uamuzi wa hapohapo ulikuwa kuiondoa kebo kwenye laptopu kila jenereta ikiwaka, na uzito uandikwe kwa mkono ukisomwa kwa sauti mbele ya dereva na mwakilishi wa AMCOS, wote wasaini. Iliwachelewesha na hakuna aliyeipenda, lakini volti 14 kwenye poti ya USB sio kitu cha kuchezea.

Kwa kudumu tuliangalia njia mbili. Moja kuhamishia laptopu kibandani, tukaiacha kwa sababu ya joto, vumbi na usalama. Nyingine kuweka vibadilishi viwili vya RS-232 kwenda RS-485 vyenye aizolesheni, yani ndani umeme wa upande mmoja haugusani na wa upande mwingine, kimoja kila upande, kila kimoja na chakula chake cha umeme. RS-485 haisomi volti kutoka graundi, inasoma tofauti kati ya waya mbili, A na B, na inaweza kwenda mpaka mita 1,200. Lakini bila aizolesheni nayo ina mpaka wake, hasi 7 hadi chanya 12, kwa hiyo ya bei ndogo isiyo na aizolesheni isingetufaa hapa. Waya ileile ya dari ilitosha, jozi moja kwa A na B.

Matokeo

Msimu uliisha wakitumia mfumo huo, umeme wa gridi au wa jenereta tiketi zinatoka sawa. Lakiri haikuguswa. Siku ya kufunga vibadilishi kulikuwa na kimya cha muda sababu A ya mtengenezaji mmoja ilikuwa B ya mwingine, tukageuza waya mbili ikaisha.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kuigawa njia vipande na kukipima kila kipande peke yake. Plagi ya kujirudia ilimaliza mjadala wa laptopu, Windows na adapta kwa mara moja, na vifaa vyake ni plagi moja, vipande vya waya na risasi kidogo. Lakini ijulikane pia isichoweza kukwambia. Itapita hata kasi ikiwa sio yenyewe na pariti sio yenyewe, maana anayetuma na anayepokea ni mtu mmoja mwenye mipangilio ileile. Haisemi kama kebo inahitaji krosi. Na haiwezi kuiona tofauti ya graundi, ndo maana kazi ilionekana imekwisha wakati bado.

Kilichofeli mwanzoni ni kununua kabla ya kupima. Adapta tatu na kebo ya Dar na nauli yake ni pesa ya ushirika, na muda uliopotea ulikuwa wa foleni ya malori. Hata hivyo sikuona uzembe kwa wale waliotangulia, walifuata umbo la tundu na kwa vifaa vingi umbo hilo halidanganyi.

Kutumia waya ya dari siku ile kulikuwa sahihi kwa siku ile. Kipimo kilichokosekana kwenye makabidhiano ni cha volti kati ya graundi mbili jenereta ikiwa inawaka, na kwa majengo yetu ya huku ambayo kila kibanda kina ethi yake au hakina kabisa, hicho kipimo nadhani kiwe cha lazima kabla waya yoyote ya seriali haijatoka jengo moja kwenda jingine. Kinachukua dakika chache, ncha moja kwenye graundi ya kebo na nyingine kwenye chuma cha mashine, umeme wa gridi halafu jenereta.

Tatizo la ethi lenyewe bado lipo. Vibadilishi vinailinda data, havimlindi anayeshika printa yenye kasha la chuma, kwa hiyo niliandika kwenye ripoti kwamba ofisi ipate fundi umeme wa kuunganisha ethi za pande zote mbili na kuikagua jenereta kabla ya msimu unaofuata. Mchoro wa pini, kasi na pariti umebandikwa nyuma ya mlango wa kibanda, nakala nyingine ipo kwenye faili la karani, na plagi ya kujirudia tumemwachia yeye pamoja na maelezo ya kuitumia.